Ufundi wa Kutandika Mchanga wa Bahari

Katika tangi la samaki wa maji ya chumvi, karibu kila kitu kinaweza kubadilishwa. Pampu ikichoka hununuliwa nyingine. Taa ikionekana hafifu huongezwa ya pili. Samaki mgomvi hutolewa akapewa mwenye tangi kubwa zaidi. Mchanga si hivyo. Kina chake huamuliwa siku ya kwanza, kioo kikiwa bado kikavu, na uamuzi huo hukaa chini ya kila kitakachofuata kwa miaka mitano, kumi au zaidi. Anayetaka kuubatilisha baadaye hana budi kuhamisha samaki, mawe na matumbawe yote, na hana hakika kwamba jioni ya siku hiyo atawakuta wote hai.

Ndiyo maana swali linaloonekana dogo, la mchanga uwe sentimita ngapi, limewagawa wafugaji wa samaki wa baharini kwa miongo kadhaa. Wapo wanaotandika sentimita 2 au 3 tu. Wapo wanaojaza 10, 12, hata 15. Wapo pia wasioweka punje hata moja, wakaacha kioo cha chini kiwe wazi. Makundi yote matatu yana matangi mazuri ya kuonyesha, na yote yana matangi yaliyokufa ambayo hayatajwi sana. Anayeyatazama matangi hayo kwa karibu huona kwamba fundi hodari hatambulikani kwa tarakimu aliyoichagua. Hutambulikana kwa kujua sababu yake, maana kila kipimo kina kazi yake, wakazi wake na deni lake.

Kazi haionekani kwa macho. Samaki hula, hunya na hupumua. Chakula kilichobaki huoza. Kutokana na hayo yote hutoka amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Kwenye uso wa mchanga, ambako maji yenye oksijeni hupita wakati wote, bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, aliwatenga bakteria wa kazi hiyo mwaka 1890 alipokuwa Zurich. Miaka michache kabla yake, Wafaransa wawili, Ulysse Gayon na Gabriel Dupetit, walikuwa wameonyesha upande wa pili wa mambo: wapo bakteria ambao, wakikosa oksijeni, hupumua kwa nitrati badala yake, wakaivunja hadi ikawa gesi ya nitrojeni. Gesi hiyo haina madhara. Hupanda polepole kupitia maji na kurudi hewani.

Kazi hizo mbili haziwezi kufanyika mahali pamoja. Ya kwanza inataka oksijeni na ya pili inataka ikosekane. Kinachozitenganisha ni unene wa mchanga.

Katika mchanga laini uliotulia, oksijeni huishia milimita chache au sentimita chache chini ya uso, kwa kuwa bakteria wa juu huimaliza kabla haijashuka. Hapo ndipo nitrati huanza kuvunjwa. Chini zaidi, ambako hata nitrati imekwisha, huingia bakteria wanaopumua kwa salfeti, chumvi iliyojaa tele katika maji ya bahari. Hao hutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza na sumu kali kwa samaki. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo mchangani huacha rangi nyeusi. Fundi akiinama kutazama tangi lake ubavuni anaweza kuzisoma ngazi hizo kwenye kioo: weupe juu, kijivu katikati, na pengine weusi chini kabisa.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kioo ili kuliamini jambo hili. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama vile Paje na Jambiani, wanawake wamekuwa wakifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga na tope la ufuko, pale panapofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakitoka. Huyakandamiza kwa mawe, wakayaacha kwa miezi. Yakifukuliwa huwa meusi, laini, na harufu yake hujulikana kwa mbali. Kisha hupigwa kwa magongo hadi nyuzi zitengane, zikawa usumba wa kusokotea kamba. Wanaolilainisha kumbi ni bakteria wasiotumia oksijeni, na kumbi lililoachwa juani juu ya mchanga huo huo halilainiki. Mfukiaji wa makumbi anajua kwa mikono yake kwamba urefu wa mkono mmoja kwenda chini unatosha kumfikisha penye uhai wa aina nyingine. Mwenye tangi anaitafuta elimu hiyo hiyo kwa kupima sentimita.

Elimu hiyo haikufika tangini kwa njia iliyonyooka. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika katika jarida la Kimarekani la Tropical Fish Hobbyist kuhusu matangi yake: maji ya bahari, mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake, mwanga, na viputo vya hewa. Mitambo ya kuchuja haikuwepo. Waliomfuata walikuwa wachache. Wafugaji wengi wa zama hizo walitegemea sahani yenye matundu iliyolazwa chini ya changarawe, maji yakivutwa kupita katikati ya punje. Njia hiyo iliijaza changarawe yote oksijeni. Amonia iligeuzwa upesi, lakini nitrati ilizidi kurundikana wiki baada ya wiki, kwa sababu hapakuwa na sehemu yoyote iliyonyimwa oksijeni ili ivunjwe. Baadaye Wajerumani walijenga mfumo unaobeba jina la Berlin mpaka leo: mawe hai mengi, chombo cha kukamata uchafu kwa povu, na mchanga kidogo au pasipo mchanga kabisa. Nitrati ilivunjwa ndani ya vitundu vya mawe, na sakafu ikasafishwa kwa mpira wa kunyonyea.

Aliyeurudishia mchanga heshima yake ni Jean Jaubert, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nice. Chini kabisa ya tangi aliacha nafasi yenye maji matupu, ya kimo cha sentimita 2 hivi. Juu yake akalaza wavu, na juu ya wavu akatandika mchanga wa matumbawe wenye punje nene kwa sentimita zipatazo 8 hadi 10, akipitisha wavu mwingine katikati ili viumbe wachimbaji wasifike chini. Hoja yake ilikuwa kwamba maji yaliyofungiwa pale chini yatabaki na oksijeni kidogo sana lakini isiyokwisha, kwa hiyo nitrati itavunjwa bila mchanga kuangukia kwenye salfaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mfumo wake uliingia katika Makumbusho ya Bahari ya Monaco, jumba lililoasisiwa na Albert I, mtawala wa Monaco, likafunguliwa mwaka 1910, na ambalo Jacques Cousteau aliliongoza tangu 1957 hadi 1988. Humo lilijengwa tangi la lita 40,000, likatiwa matumbawe hai yaliyosafirishwa kutoka Djibouti. Matumbawe yalikua.

Nchini Marekani, katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ron Shimek, mtaalamu wa wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo, alishika njia tofauti. Nafasi tupu aliiona haina haja, na wavu hakuutaka. Alichotetea ni mchanga laini sana, wa punje zinazokaribia sehemu ya nane ya milimita, wenye kina cha sentimita 10 au zaidi, na ndani yake umati wa minyoo, konokono wadogo na jamaa wa kamba wasioonekana vizuri bila kioo cha kukuzia. Wakazi hao, kwa maelezo yake, ndio wanaoufanya mchanga uwe hai: hula mabaki, hupenyeza njia za maji, na huzuia punje zisigandamane. Ukiwapunguza, mchanga huanza kuziba.

Basi wafuasi wa Jaubert na wafuasi wa Shimek wakabishana kwa miaka. Mwaka 2005, Robert Toonen na Christopher Wee walichapisha katika jarida la Aquaculture jaribio lililopanga hoja hizo kwenye mstari mmoja: mchanga wa sentimita 2.5 dhidi ya sentimita 9, punje za milimita 2 dhidi ya milimita 0.2, na nafasi tupu chini dhidi ya kutokuwepo kwake. Matokeo hayakumfurahisha mshabiki yeyote. Mifumo yote iliweza kushughulikia uchafu wa nitrojeni, na nafasi tupu iliyogombewa kwa muda mrefu haikuonyesha faida ya kujivunia.

Jaribio hilo halikuumaliza ubishi, lakini liliupeleka mahali pazuri zaidi. Ikiwa sentimita 2.5 na sentimita 9 zote zinaweza kusafisha maji, basi anayechagua kina hachagui usafi peke yake. Anachagua nani ataishi humo, na yeye mwenyewe atafanya kazi gani kila wiki.

Kabla ya wakazi kuna punje, kwa sababu kina kisichotaja punje hakijasema kitu. Maji hupenya kwa urahisi katika mchanga mnene wa milimita 2 au zaidi. Tabaka la sentimita 5 la punje hizo linaweza kubaki na oksijeni karibu hadi chini, huku mabaki ya chakula yakizama katikati ya punje na kuozea humo. Mchanga wa milimita 0.2 huvizuia vyote viwili, maji na mabaki: uchafu hubaki juu ambapo konokono wanaufikia, na oksijeni huisha mapema. Lakini mchanga huo laini nao una udhaifu. Pampu zenye nguvu, zile zinazopendwa na wafugaji wa matumbawe yenye matawi, huupeperusha hadi kioo cha chini kikaonekana upande mmoja na kichuguu kikasimama upande wa pili. Punje, kina na mkondo wa maji huamuliwa pamoja au huharibiana.

Mchanga bora kwa kazi hii ni ule wa kaboneti ya kalisi, mabaki ya matumbawe, kombe, na mwani wenye kalisi wa jenasi ya Halimeda. Kiasi kikubwa cha mchanga huo kimepita tumboni mwa samaki. Pono, anayesifika kwa usingizi, mchana ni msagaji asiyepumzika: hugugudua mwamba kwa meno yake yaliyoungana, huusaga kooni, na kuutoa ukiwa mchanga mweupe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Vakkaru, kisiwa kidogo cha Maldivi, ulikadiria kwamba pono wanazalisha zaidi ya asilimia 80 ya mchanga mpya kwenye mwamba wa kisiwa hicho. Mchanga mwingine unaouzwa magunia kwa magunia hutoka Bahama. Punje zake ni mviringo na hazijasagwa na yeyote. Kaboneti imejijenga tabaka juu ya tabaka kwenye kila punje, zikibingirishwa na mawimbi ya maji mafupi yenye joto.

Kwa anayeishi karibu na ufuko, macho peke yake hayatoshi kuchagua. Mchanga mweupe wa Diani au Watamu na mchanga wa Malindi, ambako mto Sabaki humwaga tope lake jekundu kutoka bara, vimetoka katika mama tofauti. Mafundi hutumia siki. Tone la siki likiangukia kaboneti hutoa povu. Likiangukia mchanga wa mtoni, ambao kwa sehemu kubwa ni silika, hukaa kimya. Silika haiui samaki, kinyume na hofu ya zamani, ila haiongezi chochote majini. Kaboneti, ndani ya tabaka la chini ambako asidi huongezeka kidogo, huyeyuka taratibu na kurudisha kalisi ambayo matumbawe yanaihitaji kujenga mifupa yao. Ni mchango mdogo, usiotosha kulisha tangi lililojaa matumbawe yanayokua kwa kasi.

Sasa wakazi. Kwenye pwani ya Kenya wazamiaji wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kwa ajili ya kuuzwa nje kwa miongo mingi, kwa hiyo samaki aliyekulia kwenye miamba ya Shimoni au Kilifi anaweza kuishia sebuleni Ulaya au Marekani. Huko anafika na mahitaji yake yote ya nyumbani. Valenciennea puellaris, samaki mweupe mwenye madoa ya rangi ya machungwa ambaye maskani yake ni pamoja na Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki, hula kwa kuchota mchanga mdomoni, kuuchekecha, na kuumwaga kupitia mashavuni. Sentimita 3 hadi 5 za mchanga laini zinamtosha. Akiwekwa kwenye changarawe kali hujeruhi kinywa. Akiwekwa kwenye kioo kitupu hukonda, hata kama amezungukwa na chakula, mpaka ajifunze kula kinachoelea.

Samaki wa jenasi ya Halichoeres ni tofauti. Taa zikizimwa hujitosa mchangani na kulala humo hadi asubuhi, na akiogopa mchana hufanya hivyo hivyo kwa kasi ya kushangaza. Anahitaji mchanga unaoweza kuuficha mwili wake mzima, kwa kawaida sentimita 5 au zaidi. Kamba wa jenasi ya Alpheus, mwenye gando moja kubwa lenye kutoa mlio kama wa kidole kilichoalikwa, naye huchimba shimo kutwa nzima huku samaki mdogo akisimama mlangoni. Kamba haoni vizuri, kwa hiyo hushikiza papasi yake kwenye mwili wa samaki. Samaki akitikisa mkia kwa onyo, wote wawili huzama ndani. Ushirika huu hauwezekani penye mchanga mtupu wa sentimita 2. Unahitaji sentimita 6 au 8, tena zenye vipande vya kombe na matumbawe vya kushikilia dari ya shimo isibomoke.

Na wapo mikunga wembamba wa aina ya Heteroconger hassi, wanaoishi kwa makundi katika mchanga wa Bahari ya Hindi, nusu ya mwili shimoni na nusu ikiyumba kwenye mkondo kungojea vijidudu vinavyopita. Mkunga huyu hawezi kudanganywa. Penye mchanga mfupi hatachimba, hatatulia na hatakula. Hudai sentimita 15 au zaidi, na tangi lililofunikwa vizuri, kwa maana ni hodari wa kuruka nje.

Kipimo cha katikati, kama vidole vinne hivi, ndicho kinacholaumiwa zaidi na mafundi. Ni kirefu mno kunyonywa uchafu hadi chini kila wiki, na ni kifupi mno kutegemewa kwa kuvunja nitrati. Mara nyingi hakikuchaguliwa na mtu: gunia liliisha, au mwenye tangi aliogopa vipimo vyote viwili akaona asimame katikati. Hata hivyo Alpheus na mwenzake wanaishi kwenye kina hicho hicho. Anayekitandika kwa ajili yao amefanya jambo la maana, mradi ajue kwamba nitrati itabidi ishughulikiwe kwingine.

Hesabu ya kina pia ni hesabu ya mgongo na ya mfuko. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50 hubeba lita 270 likijaa. Sentimita 3 za mchanga ndani yake ni lita 16 hivi. Kwa kuwa lita moja ya mchanga mkavu wa matumbawe ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, huo ni mzigo wa kilo 24. Sentimita 10 ni lita 54, kilo zaidi ya 80. Sentimita 15 zinapita kilo 120, na zinameza karibu theluthi moja ya kimo cha tangi, nafasi ambayo samaki wangeogelea. Meza, sakafu na pochi vyote vina neno la kusema kabla ya bakteria.

Kisha huja mikono. Mchanga mkavu wa gunia huoshwa ndooni mara nyingi hadi maji yatoke safi. Ule unaouzwa ukiwa na unyevunyevu na bakteria wake hauoshwi. Mawe hulazwa kwanza juu ya kioo, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Anayegeuza mpangilio huo, akayasimamisha mawe juu ya mchanga, anamwachia samaki mchimbaji uwezo wa kuuangusha mlima mzima usiku mmoja, na kioo kinaweza kupasuka. Maji humiminwa juu ya sahani au mfuko wa plastiki uliotandazwa ili yasitoboe mchanga. Hata kwa uangalifu huo tangi hugeuka tui kwa siku moja au mbili. Hapo papara huwashinda wengi: huwasha pampu zote, hukoroga, hubadilisha maji, na vumbi lililokuwa likitua hupanda upya.

Tangi likisafika, bado halijawa tayari. Bakteria wa juu huchukua wiki nne hadi sita kujijenga vya kutosha kumaliza amonia na nitriti. Wale wa chini hukawia zaidi, na tangi lenye mchanga mwingi linaweza kukaa miezi kadhaa kabla nitrati haijaanza kushuka. Wafugaji wazoefu huongeza vikombe vichache vya mchanga kutoka tangi kongwe lenye afya, si kwa sababu ya bakteria tu bali kwa minyoo na konokono wanaokuja nao. Halafu huchunga ni nani anaingizwa baada ya hapo. Kiti cha pweza wa jenasi ya Astropecten, anayeuzwa kama msafishaji wa mchanga, kwa kweli ni mwindaji: huwala wakazi wale wale wanaoufanyia mchanga kazi, na akishawamaliza hufa kwa njaa katika tangi dogo. Jongoo bahari na konokono wa jenasi ya Nassarius hula mabaki na hawaleti uhasama huo.

Baada ya hapo kila kipimo hudai utunzaji wake. Mchanga mfupi unahitaji mkono: kila unapobadilisha maji, unanyonya uchafu sehemu kwa sehemu, na ukipuuza kwa miezi michache unaona mwani ukipanda kioo. Mchanga mwingi unahitaji kinyume chake. Hautiwi mpira wa kunyonya, haukorogwi, haufukuliwi kutafuta kombe lililopotea. Gesi ya salfaidi iliyotulia chini haimdhuru mtu, kwani ikipanda polepole huharibiwa na oksijeni njiani. Ikiachiliwa kwa mkupuo mmoja inaweza kuua. Kwa tangi la namna hii ustadi wa fundi umo zaidi katika yale anayojizuia kuyafanya, na ndiyo maana ufundi huu hausifiwi sana. Mgeni akiingia husifu samaki.

Deni kubwa kuliko yote limo katika tofauti kati ya nitrojeni na fosfeti. Nitrojeni ina njia ya kutoka: huwa gesi, ikaondoka. Fosfeti haina umbo la gesi la kuikimbizia hewani. Inayoingia na chakula hujishikiza kwenye punje za kaboneti mwaka baada ya mwaka, na punje zikishiba huanza kuiachilia majini. Ndipo tangi la miaka sita au saba, lililokuwa likimeremeta, huota mwani usiosafishika hata mwenyewe akipunguza chakula. Baharini jambo hili halitokei vivyo hivyo. Bamvua hupandisha na kushusha maji kupitia mchanga wa ufukoni kila nusu mwezi, mawimbi ya kusi huugeuza, na kinachooshwa hupelekwa mbali. Ndani ya kioo hakuna bamvua wala kusi. Kila kilichoingia na kisichoweza kuwa gesi hubaki mpaka mtu akitoe.

Wafugaji kadhaa wameamua kuzitenganisha kazi na wakazi. Mbele ya macho hutandika sentimita 3 za mchanga kwa ajili ya samaki wanaochekecha, na huunyonya uchafu kama kawaida. Nyuma, ndani ya kabati, huweka ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga laini karibu hadi juu, ikapitishiwa maji ya tangi kwa bomba. Ndoo hufunikwa ili mwani usipate mwanga, na maji hupita kwa kasi ya kutosha juu ya mchanga ili uchafu usipate kutua. Nitrati huvunjwa humo gizani. Punje zikishiba fosfeti, au zikianza kunuka, mabomba mawili hufungwa na ndoo hutolewa nje bila kumgusa samaki hata mmoja. Uamuzi uliokuwa wa miaka kumi umekuwa wa alasiri moja. Njia hiyo haimfai kila mtu. Aliyependa Heteroconger hawezi kumhamishia kabatini, kwa hiyo bado atanunua kilo zake 120, atatafuta tangi lenye kimo cha kufidia sentimita 15 zilizomezwa, na atapanga mapema jinsi atakavyouondoa mchanga huo, robo baada ya robo kwa miezi kadhaa, mwaka wa kufanya hivyo utakapofika.